Kibao cha Uwanja wa Kisimani

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani zile za wanyama kusema na wafalme kuoza mabinti kwa vitendawili. Nasema zamani za juzi tu, nguzo za umeme zilipokuwa zimeshafika Lukoromo na umeme wenyewe ungali njiani, palikuwa na mama mmoja aitwaye Sikudhani Mhando. Huyu Sikudhani alikuwa mtendaji wa mtaa. Kazi ya mtendaji wa mtaa mnaijua: barua zote zinapita kwake, lawama zote zinaishia kwake, na sifa zote zinampita zikienda kwa mwenyekiti.

Nao mtaa wa Lukoromo ulikuwa unakua. Enzi za mkonge palikuwa kambi ya manamba, wale vibarua walioletwa kwa malori kutoka Songea na Kigoma, wakapewa namba ili waajiri wasisumbuke kujifunza majina. Mkonge ukafa. Mashamba yakakatwa viwanja, na mji ukaja kwa miguu yake. Wakaja watu wenye nyumba za vigae, na mageti marefu kuliko nyumba zenyewe, na kamera za ukutani zilizokuwa zikisubiri umeme kama sisi sote. Wenyeji wakawaita "watu wa vigae". Watu wa vigae nao wakawaita wenyeji "jamii inayotuzunguka". Mapenzi yakakolea hivyo.

Katikati ya hao na hao palikuwa na uwanja, na kwenye pembe ya uwanja palikuwa na kisima. Kisima hicho walikichimba manamba kwa sururu, siku zao za kupumzika, maana siku nyingine walikuwa wanamchimbia mwenye shamba utajiri. Uwanja ukaitwa Kisimani. Msiba ukitokea, turubai linafungwa Kisimani. Harusi ikiwepo, spika zinawekwa Kisimani. Ijumaa gulio, jioni mpira, uchaguzi ukifika kampeni, yote hapo hapo. Na kiangazi kikifika ndipo mtu angejua thamani ya mahali pale. Kwa sababu mabomba ya Lukoromo yalikuwa mapya, yanang'aa, na yalitoa hewa safi kabisa. Mabomba yakikauka, mwenye vigae na mwenye makuti walipanga ndoo foleni moja, wakasalimiana vizuri tu, kisha mvua zikija wakasahauliana.

Sasa msije mkadhani watu wa Lukoromo hawakuijali historia yao. Waliijali sana. Walikuwa na Kamati ya Historia na Kumbukumbu, chini ya mwenyekiti wa mtaa, Bwana Semboja. Kamati ilikuwa imetoa kijitabu cha kurasa kumi na mbili. Kurasa saba zilikuwa picha za Bwana Semboja: akikata utepe, akitazama mkonge, akimtazama mtu anayetazama mkonge. Kurasa zilizobaki zilitaja jina la meneja wa zamani wa shamba, jina la mkewe, na jina la mbwa wao. Jina la mtu hata mmoja aliyechimba kisima halikuwemo.

"Utafiti unaendelea," alisema Bwana Semboja.

Siku moja Sikudhani akaletewa barua kutoka halmashauri, imekunjwa vizuri, ina muhuri. Akaisoma mara moja, akaisoma mara ya pili, akaketi. Barua ilisema kwamba Kiwanja Namba Sita, yaani Kisimani, uwanja na kisima chake, kilikuwa kiwanja kisicho na matumizi, na kwa hiyo kimetolewa kwa mwekezaji ajenge kituo cha mafuta. Mwenye pingamizi alete ndani ya siku kumi na nne, pamoja na vielelezo.

Sikudhani akambebea mwenyekiti ile barua mbiombio. Bwana Semboja akaitisha kikao cha dharura. Kikao kikachukua saa nne nzima. Kikaazimia kwamba patengenezwe fulana zenye maneno ya kupinga. Kisha kikagawanyika kuhusu rangi ya fulana.

Siku ya tisa, wakati fulana ziko kati ya kijani na zambarau, katapila likaja.

Lilikuja asubuhi, likiwa juu ya lori, likashushwa, likaunguruma. Watu wakatoka. Wakasimama pembeni wamekunja mikono, kila mmoja akisubiri mwenzake awe shujaa. Sikudhani alikuwa amesimama nao, barua mkononi, akimpigia simu mwenyekiti ambaye simu yake, kwa bahati mbaya kubwa, ilikuwa haipatikani.

Ndipo geti moja likafunguka. Nyumba ya geti hilo ilipakana na uwanja, na mwenye nyumba alikuwa Injinia Elirehema Lyatuu, mtu wa vigae kwelikweli. Miaka mitatu alikuwa hajakanyaga kikao wala msiba. Akifiwa jirani, alimtuma mlinzi wake apeleke pole. Siku hiyo akatoka amevaa pajama, kabeba kiti cha plastiki na gazeti. Akaenda hadi mbele ya katapila, akaweka kiti, akakaa, akafungua gazeti.

Dereva akachungulia. "Mzee, toka hapo nifanye kazi."

"Fanya kazi yako, kijana. Na mimi nafanya yangu."

"Kazi gani?"

"Nakaa."

Dereva akapiga honi. Injinia akafungua ukurasa wa michezo. Dereva akapiga simu kwa wakubwa wake, wakubwa wakamwambia amtishe kidogo. Akashusha lile jembe la chuma, akasukuma kifusi taratibu kuelekea kwenye kiti. Watu wakapiga kelele. Injinia hakuinuka. Kifusi kikasogea, kikasogea, kikamwagika, na jiwe moja kubwa kama mtungi likabiringika likamwangukia mguuni. Tulisikia mfupa ukilia. Dereva alipoona damu, akazima mashine, akaruka, akakimbia na ufunguo wake hadi leo.

Katapila likalala pale pale, zima, kama tembo aliyekufa. Kazi ikasimama siku hiyo.

Sikudhani ndiye aliyempakia Injinia kwenye bajaji kumpeleka zahanati. Njiani, kati ya shimo moja na jingine, Injinia akamshika mkono.

"Mama Mtendaji, usiniite shujaa."

"Nikuite nani sasa? Mguu umevunjika kwa ajili ya kisima chetu."

"Wakianza kupima ule uwanja, wataanza na ukuta wangu."

"Ukuta wako una nini?"

"Umeingia uwanjani. Hatua nne." Bajaji ikaruka shimo, akauma meno. "Na choo cha mlinzi."

Sikudhani akamtazama. "Kwa hiyo ulikaa pale kwa ajili ya choo cha mlinzi?"

Injinia akamwachia mkono. Kisha akasema, "Nilipoweka kiti, niliweka kwa ajili ya ukuta. Sitakudanganya. Lakini kile kifusi kilipoanza kuja, Mama Mtendaji, ukuta hujengwa tena, mimi ni injinia, najua. Mguu haujengwi. Nilikuwa na nafasi ya kuinuka. Sijui kwa nini sikuinuka."

Haya. Huyo ndiye wa kwanza. Mwekeni pembeni, tuendelee.

Kesho yake wakaja upya. Safari hii walikuja na dereva mwingine mwenye ufunguo wa akiba, afisa wa ardhi mwenye faili, askari wawili, na bwana mmoja wa upande wa mwekezaji aliyevaa miwani myeusi, wakati jua lenyewe lilikuwa bado halijaamua kutoka. Afisa akasoma karatasi kwa sauti. Bwana Semboja naye alikuwepo, maana palikuwa na wageni; akasimama karibu na afisa, akitikisa kichwa kwa namna ambayo angeweza baadaye kusema alikuwa anakubali au anakataa.

Ndipo akaja Bibi Otilia Ngonyani. Bibi huyu alikuwa na umri wa miaka themanini na kitu, binti wa manamba kutoka Songea, mjane wa manamba kutoka Songea, na ndiye mtu wa mwisho Lukoromo aliyekuwa amekula posho ya shamba, ule unga wa mgao. Aliishi peke yake kwenye chumba cha kambi ya zamani. Alikuja polepole, kajifunga kitenge kiunoni, akapita katikati ya askari kama anapita katikati ya mbuzi, akafika karibu na kisima, akaketi chini, akaanza kulia.

Hakulia kidogo. Alilia kile kilio cha zamani ambacho siku hizi watu hawakiwezi tena, kilio chenye maneno ndani.

"Mnamkanyaga mwanangu! Mwanangu Anselimu! Mliminya jasho la baba yake, sasa mnaminya mifupa yake!"

Afisa wa ardhi akashusha faili. "Bibi, pana kaburi hapa?"

"Siku tisa aliishi. Siku tisa! Tukamlaza hapa karibu na maji, asione kiu."

"Hapa wapi, Bibi?"

"Hapo uliposimama."

Afisa aliruka kama kakanyaga kaa la moto. Askari wakavua kofia. Hata bwana wa miwani akavua miwani, tukagundua ana macho kama watu. Na afisa alijua sheria: kaburi halisukumwi na katapila. Kuna fomu, kuna kibali, kuna afisa wa afya, kuna ndugu kuridhia, kuna mtu wa dini. Akafunga faili. Akasema kazi isimame mpaka taratibu zifuatwe. Katapila likapandishwa lorini, likaondoka.

Lukoromo nzima ikamlilia Anselimu. Mama mmoja wa vigae akakata maua ya bustani yake, ambayo kabla ya hapo hata jirani haruhusiwi kuyanusa, akayaweka pale. Bwana Semboja akatoa hotuba fupi ya dakika arobaini kuhusu marehemu Anselimu, jinsi alivyokuwa kijana mchapakazi na mpenda maendeleo. Mtu akamnong'oneza kwamba marehemu aliishi siku tisa. "Hata katika muda huo mfupi," akaendelea Bwana Semboja.

Alasiri Sikudhani akaenda chumbani kwa Bibi Otilia na daftari, maana afisa alitaka taarifa za marehemu kwa maandishi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, keti kitandani, kiti kimevunjika."

"Bibi, pole sana. Nisamehe kukuuliza. Anselimu alizaliwa tarehe ngapi?"

"Andika tarehe yoyote utakayoiona nzuri."

Sikudhani akacheka, akidhani ni uzee. "Bibi, lazima niandike ya kweli."

"Ya kweli?" Bibi Otilia akanyoosha kitenge magotini. "Ya kweli ni kwamba sijawahi kuzaa, mwanangu."

Kalamu ikamponyoka Sikudhani.

"Na Anselimu?"

"Anselimu ni jina. Niliolewa nikiwa na miaka kumi na saba, nikasema, wa kwanza nitamwita Anselimu. Nikangoja. Nikangoja mpaka mume akafa. Jina likabaki kwangu kama kitenge cha sikukuu, halivaliwi, halichakai. Jana nilipoona yule bwana kavunjwa mguu na ninyi mmekunja mikono, nikaona basi, nilitoe."

"Bibi, umeidanganya serikali!"

"Na serikali imenidanganya mimi mara ngapi?"

Sikudhani akaanza kuhesabu moyoni, akaacha. Ilikuwa mara nyingi.

"Nenda ukaniseme ukitaka," akasema Bibi Otilia. "Ila kwanza wachotee watu maji."

Sikudhani akafunga daftari bila kuandika kitu. Huyo ni wa pili.

Siku ya kumi na mbili ya zile siku kumi na nne, Sikudhani akiwa ofisini, akaingia Mzee Hizza Shekivuli. Mzee huyu alikuwa karani mstaafu wa ofisi ya ardhi, mpole, msafi, mtu wa kupiga pasi hata leso. Lukoromo walimjua kwa jambo moja: hakuwahi kugombana na mtu yeyote kuhusu kitu chochote. Kwapani alikuwa kabeba bomba la plastiki, lile la kupitishia maji taka, limezibwa pande zote mbili.

Akalizibua. Akavuta karatasi kubwa, ya rangi ya chai, akaitandaza mezani akaikandamiza kwa kikombe na stepla. Ilikuwa mchoro wa kwanza wa Lukoromo, ule uliochorwa wakati mashamba yanageuzwa viwanja. Ulikuwa na sahihi tatu na muhuri. Na pale penye Kiwanja Namba Sita paliandikwa kwa wino mweusi: Eneo la wazi la umma, lisigawiwe.

Sikudhani akausoma muhuri. Akausoma tena. "Mzee wangu! Halmashauri wanasema mchoro huu uliungua zamani. Kumbe ulikuwa wapi?"

"Juu ya dari yangu."

"Tangu lini?"

"Miaka kumi na tisa."

Sikudhani akaketi. Mzee Shekivuli akatoa leso yake iliyopigwa pasi.

"Bosi wangu wa wakati huo aliniita, akanipa mchoro na kibiriti. Akasema, hii imechakaa, kachome. Nilijua haijachakaa. Nikatoka nyuma ya ofisi, nikachoma gazeti, nikarudi nikaripoti kwamba mchoro umeungua. Kisha nikauleta nyumbani."

"Ukaunyamazia miaka kumi na tisa?"

"Nilipokuwa kazini niliogopa kufukuzwa. Nilipostaafu nikaogopa kwa mazoea."

"Mzee, ungesema siku ile ile, barua hii isingeandikwa. Injinia asingevunjwa mguu."

"Najua. Na ningetii siku ile ile, leo tusingekuwa na chochote mezani hapa. Hayo mawili nimelala nayo miaka yote, sijui lipi ni langu."

"Na kilichokutoa leo ni nini?"

Macho ya mzee yakajaa machozi. "Yule kichanga. Nilisikia habari zake nikashindwa kula. Nikasema, mtoto wa siku tisa amesimamisha katapila, mimi mtu mzima nina mchoro darini nimewaachia panya. Anselimu amenifundisha, Mama Mtendaji."

Sikudhani akauma ulimi mpaka akasikia chumvi. Angesema nini? Akaukunja mchoro, akamshukuru mzee, akapanda bajaji hadi halmashauri.

Mchoro ukafanya kazi yake. Muhuri ukakutana na muhuri, na muhuri wa zamani ukashinda. Barua ikafutwa. Mwekezaji akapelekwa mahali pengine, bila shaka kwa wenzetu wasio na bibi wala dari. Kiangazi kikaingia, mabomba yakaanza kupumua hewa yake safi, na watu wakapanga ndoo Kisimani kama kawaida.

Hapo ningeishia, kama Lukoromo ingekuwa mahali pa mambo kuishia. Halmashauri ikaleta barua nyingine. Uwanja sasa utaandikishwa rasmi uwe mali ya umma, usigawiwe tena milele, ila lazima uwe na jina rasmi na kibao. Jina la Kisimani haliwezekani, mjini kuna Kisimani tatu tayari na watu wa barua wanachanganyikiwa. Litafutwe jina la mtu aliyetoa mchango kwa jamii. Mtu mmoja. Fomu ilikuwa na mstari mmoja, mfupi. Irudishwe Jumatatu kabla ya saa sita. Ikichelewa, eneo litabaki lisilo na jina, na eneo lisilo na jina tayari tumeona linavyopata wamiliki.

Mkutano ukaitwa uwanjani siku ya Jumamosi. Bwana Semboja akafungua kwa unyenyekevu.

"Napendekeza Uwanja wa Semboja. Ni jina fupi, linaandikika."

Mama mmoja muuza mboga akauliza, "Wewe mwenyekiti ulifanya nini?"

"Niliongoza."

"Ulimwongoza nani?"

"Niliwaongoza wote, kwa kutowazuia."

Pendekezo likafa bila kuhitaji kaburi.

Watu wa vigae wakasimama upande mmoja wakisema, "Lyatuu!" Walimu na wastaafu wakasimama upande mwingine wakisema, "Shekivuli!" Wenyeji wakasema kwa sauti kubwa kuliko wote, "Anselimu!" Mkutano ukataka wenyewe waseme.

Injinia Lyatuu akasimama na magongo yake mawili. "Ndugu zangu, sipendi kujisifu. Ila hesabuni siku. Siku ile mlikuwa hapa wote na miguu yenu mizima. Nisingekaa mimi, jioni ile kisima kingekuwa kimefukiwa. Bibi angekuja kesho yake kulilia shimo. Mzee angeleta mchoro wa mahali ambapo hapapo tena. Kila kilichofuata kilisimama juu ya mguu wangu, na mguu wangu, kama mnavyoona, hausimami tena."

Watu wakapiga makofi. Sikudhani akautazama ukuta nyuma yake, hatua nne ndani ya uwanja, na choo cha mlinzi kikiwa na bati jipya. Alikuwa amemuuliza juzi atauvunja lini. "Baada ya mvua," alijibu Injinia. Hakusema mvua za mwaka gani.

Akasimama Mzee Shekivuli, akakohoa kwa adabu. "Mimi siombi kitu. Lakini tuseme ukweli. Mguu ulipata siku moja. Kilio kilipata siku chache. Kaburi linahamishwa kwa taratibu, nazifahamu, nimezichapa mwenyewe. Kilichomaliza jambo ni karatasi. Na karatasi hiyo ipo kwa sababu karani mdogo mwenye watoto wanne alipewa kibiriti na mkubwa wake akathubutu kukataa."

Watu wakapiga makofi. Sikudhani akawaza, kukataa kwenyewe kulikuwa kwa siri kiasi kwamba hata aliyekataliwa hakujua.

Bibi Otilia hakusimama. Alisema akiwa ameketi, na watu wakalazimika kunyamaza ili wasikie. "Mguu ni wa mtu mzito, nampa pole. Karatasi ni ya mtu msomi, nampa hongera. Lakini mguu ulivunjika, na karatasi bado ililala darini. Nani aliyeiamsha? Mzee mwenyewe amewaambia. Ni mwanangu. Wenye mguu watajengewa sanamu na watoto wao. Wenye karatasi watoto wao watasoma. Mimi nikifa, chumba changu kitafagiliwa. Mwandikeni Anselimu. Hakupata kitu kingine duniani."

Watu hawakupiga makofi. Walilia, na Mzee Shekivuli akalia kuliko wote.

Wakabishana tangu saa nne hadi adhana ya alasiri. Mwishowe Bwana Semboja akasimama, akanyoosha koti. "Kwa mamlaka niliyonayo, nimeamua kwamba mtendaji aamue." Wakatawanyika wameridhika, maana sasa palikuwa na mtu wa kulaumu.

Jumatatu asubuhi Sikudhani akaketi na fomu. Nje dereva wa bajaji alikuwa ameshawasha injini. Akaweka kalamu kwenye mstari. Akiandika Lyatuu, uwanja wa umma utaitwa kwa jina la aliyeumega. Akiandika Shekivuli, watamshukuru kwa kuuzima moto mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa aliketi juu ya ndoo ya maji. Akiandika Anselimu, atasaini kwa mkono wake, mtumishi wa umma, kwamba mtoto ambaye hakuzaliwa ametoa mchango kwa jamii. Na ubaya ni kwamba ndiyo kweli, mchango aliutoa. Na akisema yote anayoyajua, ukuta utabomolewa, karani atahojiwa uzeeni, na Bibi Otilia atamzika upya mwana ambaye hakuwahi kumzika. Akawaza pia wale waliochimba. Angewaandika wao kwanza, ila hakuna aliyejua hata mmoja wao aliitwa nani, hata Bibi Otilia alikikuta kisima kimeshachimbwa, na fomu ilikataa namba.

Dereva akapiga honi. Sikudhani akaandika jina moja, akapiga muhuri, akatoka.

Kibao kipo hadi leo. Watu wanachota maji chini yake na wengi hawakisomi. Mimi nimekisoma, lakini siwaambii, maana nikiwaambia mtasema mlijua tangu mwanzo. Semeni ninyi kwanza. Mmoja alivunjwa mguu akilinda alichokimega, mmoja aliokoa ukweli kisha akaufungia, na mmoja alisema uongo uliomfanya mwenye ukweli aone haya. Kalamu hiyo hapo, mstari ni mmoja, na bajaji inasubiri: wewe ungemwandika nani?